Milcah, Mndimu na Vipepeo Ishirini

Mara ya kwanza nilipomwona Milcah akizungumza na jani, nilifunga dirisha, kisha nikalifungua tena kidogo ili nione vizuri.

Alikuwa na wiki mbili tu nyumbani kwetu. Nyumba yetu iko Mtongwe, ina vyumba sita na ukumbi katikati, na vinne tunavipangisha. Yeye alichukua kile cha mwisho, karibu na uani, kwa sababu, alisema, kinapata jua la asubuhi. Nimepangisha watu miaka kumi na minane. Mpangaji huuliza kodi, huuliza maji, huuliza choo kinatumiwa na wangapi. Huyu aliuliza jua. Nikamwambia mume wangu Suleiman, "Huyu mtu wa bara ana jambo." Suleiman akasema kila mtu ana jambo, akaendelea na kahawa yake.

Basi asubuhi ile alikuwa uani, chini ya mndimu wangu, ameinama hata pua inakaribia kugusa jani, anasema, "Kula polepole, wewe. Hakuna anayekufukuza."

Mndimu ule mama mkwe wangu aliupanda kabla sijaolewa, na nusu ya Mtongwe huosha samaki kwa ndimu zake. Watu hukumbuka ndimu samaki akiwa tayari amepakwa chumvi. Hapo ndipo mtoto hutumwa mbio: "Mama anasema umpe mbili." Nami hutoa, ila moyoni najua ni nani hajawahi kurudisha hata pilipili moja. Kwa hiyo mtu akiinamia mndimu wangu, ni haki yangu kutoka nje.

"Milcah, unamwambia nani ale polepole?"

"Shikamoo Mama Jalila." Alikuwa ameshajifunza shikamoo, lakini huitoa kwa kasi kama mtu anayefunga mlango mvua ikinyesha. "Kuja uone. Huyu hapa."

Nikatazama. Juu ya jani palikuwa na mavi ya kunguru, meusi yenye doa jeupe katikati.

"Hayo ni mavi ya ndege," nikasema.

"Angalia tu."

Mavi yakatembea.

Wallahi nilirudi kinyumenyume mpaka nikakaa ndani ya beseni la nguo. Milcah alicheka, akanipa mkono kunivuta, akacheka tena. "Ni kiwavi," akasema. "Anataka udhani ni choo. Si unajua ndege hawezi kula choo chake mwenyewe?"

Nikakung'uta maji. "Na kiwavi huyo anakula nini?"

Milcah akaacha kucheka. Alitazama mndimu, akanitazama mimi, akatazama chini. Hapo nikajua jambo lake ni lipi.

*

Maisha ya Milcah niliyapata kidogo kidogo, kama mtu anavyochambua mchele. Kwao ni Vihiga. Alikuja Mombasa akiwa na miaka ishirini, kumlelea kaka yake Bramwel watoto pacha kule Port Reitz, karibu na uwanja wa ndege. Anasema kitu cha kwanza alichokijua katika mji huu ni tumbo la ndege, kwa sababu zilikuwa zikipita juu ya kamba ya nguo wakati anapoanika nepi. Pacha walipoingia shule, akapata kazi katika kiwanda cha nguo Changamwe. Kazi yake ilikuwa kukata nyuzi zilizobaki kwenye suruali. Hakushona hata siku moja. Miaka kumi na mmoja alikata nyuzi.

"Hukuchoka?" nilimuuliza.

"Nilichoka. Lakini macho yalizoea kutafuta kitu kidogo."

Nyuma ya kiwanda palikuwa na mlimau uliojiotea, na wanawake walikuwa wakila chakula cha mchana chini yake. Hapo ndipo alipoona mavi yanayotembea kwa mara ya kwanza. Alimchukua mmoja akamtia kwenye kopo la siagi pamoja na majani, akawa anaenda naye kazini na kurudi naye, kama mtu mwenye mtoto wa kunyonya. Siku moja kipepeo akatoka kwenye kopo saa nne asubuhi, katikati ya kazi, akapanda juu ya mashine. Wanawake mia mbili wakainua vichwa. Mashine zikanyamaza mstari mmoja baada ya mwingine. Msimamizi akatoka ofisini akidhani stima imepotea.

"Alikufanya nini?"

"Aliuliza ni ya nani. Nikasema ni yangu." Milcah akatabasamu. "Akasema nimwambie ashuke."

Baadaye kiwanda kilikosa kazi kikapunguza watu, naye akapunguzwa. Alipokuja kwetu alikuwa akifulia familia tatu nguo, siku tatu za wiki. Siku zilizobaki alikuwa na viwavi wake, na sasa nilijua walikuwa wakila wapi.

Tulizozana kwa siku mbili. Mimi nilisema mti ni wangu. Yeye alisema kiwavi hali ndimu, anakula jani. Nikamwambia na jani ni langu. Akasema jani hurudi. Siku ya tatu Suleiman, ambaye hakuwa ameulizwa, akasema, "Mpe matawi mawili ya upande wa choo, mtupumzishe." Nikatoa mawili. Nikayafunga vitambaa vyekundu ili mpaka ujulikane, nikamwambia Milcah awaeleze viwavi wake.

"Nitawaambia," akasema, "lakini hawajasoma."

*

Sasa ukiwa na wasiwasi na kitu, utakitazama zaidi kuliko anayekipenda. Nilitoka asubuhi, nilitoka adhuhuri, nilitoka kabla ya magharibi, kuhakikisha hakuna aliyevuka kitambaa. Na kwa kutazama hivyo nikajikuta najua mambo ambayo sikuomba kuyajua.

Kipepeo wa mndimu ni mkubwa, mweusi, mwenye madoa ya manjano hafifu kama ndizi iliyoiva, na chini ya mabawa ana macho mawili ya uongo, yenye wekundu na ubuluu. Jike hatagi popote. Hutua kwenye jani, akalipigapiga kwa miguu ya mbele, pa pa pa, kama mtu anayebisha hodi. Milcah anasema anaonja. Miguu yake ndiyo ulimi wake. Jani lisilo la mndimu au la jamaa zake halimfai. Huondoka bila hata salamu. Likimridhisha, huacha yai moja tu, duara, la manjano, dogo kama punje ya uwele, kisha huenda kutafuta jani jingine. Yai moja, jani moja. Mimi nilizaa watano katika chumba kimoja, nikaona huyu ana akili.

Baada ya siku chache yai hutoboka na kiwavi hutoka akiwa na rangi ile ya mavi. Hula, ngozi humbana, huivua, hula tena. Akishakuwa mkubwa kiasi cha kidole cha mtoto, choo hakimsaidii tena, maana hakuna kunguru wa kutoa kitu kikubwa hivyo. Basi hubadilika akawa kijani kibichi mwenye michirizi ya kahawia, na ukitazama jani humwoni mpaka jani lenyewe liishe.

Kuna wakati tuliambiwa na wazee wetu kwamba kipepeo akiingia ndani, mgeni yuaja. Asubuhi moja akaingia mmoja ukumbini, akazunguka kwenye taa.

"Tuna mgeni," nikamwambia Milcah.

"Mgeni si ndiye huyo," akasema.

Hata chai haikuchemka, mlango ukabishwa. Alikuwa binti yangu Jalila na begi lake, tumbo mbele kama tikiti maji. Mimba ya kwanza, na kwetu mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Nilimtazama Milcah kwa jicho la nimekwambia. Yeye akamtazama kipepeo kwa jicho la kumpongeza.

Jalila hakumaliza siku mbili akawa rafiki wa viwavi. Mimi nilimkataza. Mjamzito hatazami vitu vya ajabu wala hacheki kiumbe, kila mtu anajua. Siku ya tatu nikasikia kicheko uani, nikatoka na mwiko mkononi. Milcah alikuwa amemgusa kiwavi mmoja mnene mgongoni kwa kijiti, na yule kiwavi akainua kichwa, na nyuma ya kichwa zikachomoza pembe mbili, laini, nyekundu kama pilipili mbivu. Harufu ikatoka, kali, kama ndimu iliyooza ndani ya kiatu.

"Mama, ona! Ana pembe!" Jalila alikuwa akicheka hata anashika kiuno.

"Usicheke! Jalila, usicheke, nakuambia! Omba radhi!"

"Nimwombe radhi kiwavi?"

"Muombe!"

"Anatisha adui tu, Mama Jalila," Milcah akasema. "Sisimizi akija, ndege akija, anatoa hizo. Halafu anazirudisha. Ona, zimerudi."

"Za kwake zimerudi. Za mjukuu wangu zitarudi wapi?"

Wote wawili walicheka mpaka nikaingia ndani. Na siku mtoto alipozaliwa, wiki tatu baadaye, msichana, salama salimini, nilimpapasa kichwa mara tatu kabla sijamsomea dua. Jalila aliniona. "Hazipo, mama," akasema, akafumba macho kwa uchovu, anatabasamu.

*

Ilikuwa katika siku hizo hizo ndipo Milcah alipopata bahati yake.

Ana mwenziwe wa kanisani aitwaye Emmaculate, anayepika katika bustani moja ya wageni kupita mtaa wa Shika Adabu. Mwenye bustani, bibi mmoja jina lake Carolyne, alikuwa amejenga banda kubwa la vipepeo, watu waje waingie watazame, watoto wa shule waje wajifunze. Banda lilikuwa tayari, lakini vipepeo wake hawakukaa. Emmaculate akamtaja Milcah. Carolyne akatuma neno: Milcah alete vipepeo ishirini wazima, aliowalea kwa mkono wake mwenyewe, Ijumaa. Akiwaleta, kazi ya kutunza banda ni yake.

Milcah alinisimulia akiwa amesimama mlangoni, mikono bado ina povu la sabuni. Mwanamke huyu alikata nyuzi za suruali za watu miaka kumi na mmoja, akafua nguo za watu mingine minne. Hajawahi kuulizwa na mtu yeyote kuhusu kitu anachokijua yeye.

"Unao wangapi?" nikamuuliza.

"Ishirini na tano. Wote wameshakuwa pupa."

Hilo neno alilipata kwa mama mmoja wa kaskazini aliyewahi kufuga vipepeo. Mimi lilinichekesha, kwa sababu kwetu pupa ni haraka ya mtu mlafi, na kitu kile hakina haraka hata chembe. Kiwavi akishiba huacha kula, hujisafisha tumbo, kisha huondoka kwenye mti na kutangatanga akitafuta mahali. Akipapata hujishikiza mkia, hujifunga uzi mmoja kiunoni kama mkwezi wa minazi, hujiegemeza nyuma, huvua ngozi ya mwisho, na kubaki kitu kikavu kama jani lililojikunja. Akijifunga penye kijani huwa kijani, akijifunga penye ukuni huwa wa kahawia. Wiki mbili na zaidi hafanyi lolote. Kisha ganda huwa jeusi na ukitazama karibu unaona mabawa kwa ndani, yamekunjwa kama nguo sandukuni. Kesho yake asubuhi hutoka.

Shida ilikuwa huko kutangatanga. Mmoja alikutwa kwenye kanga ya Jalila. Mwingine alijifunga kwenye mguu wa kitanda cha mtoto. Na shida ya pili ilikuwa mjusi kafiri. Milcah alikuwa amegeuza kitanda cha kamba ubavu, akavifunga vijiti vyenye pupa ndani yake, akakizungushia pazia kuukuu la lesi. Jumanne kipepeo wa kwanza alitoka, na kabla hajanyoosha mabawa mjusi akapenya kwenye tundu la lesi. Tulikuta bawa moja tu sakafuni.

"Wamebaki ishirini na nne," Milcah akasema. Hakulia, lakini alilitazama tundu lile la lesi kwa muda mrefu.

Sasa mimi nina mtoto mchanga ndani ya nyumba, nina viwavi wengine wanaotembea usiku na mchana, na nina mwanamke mwenye uso huo. Nikakumbuka kabatini kuna chandarua. Jalila alipewa kimoja kliniki, na kingine tulikuwa nacho, kipya, hata mfuko haujafunguliwa. Tundu zake ndogo hata mbu hapiti, seuze mjusi. Nikakitoa. Nikampelekea mwenyewe.

"Mama Jalila! Hiki ni kipya!"

"Chukua. Na uwafungie vizuri."

Akanishika mikono yote miwili. Tukakitundika pamoja jioni ile, tukakizungushia kitanda kizima, tukapachika ncha zake chini kwa mawe. Pupa nne hazikuenea. Zilikuwa kwenye kijiti kirefu kilichoinua chandarua, basi tukaziacha dirishani, nikazifunika kwa kawa langu la chakula. Milcah alisema hizo bado zilikuwa na siku nne. Tulilala wote tumefurahi.

*

Jumatano asubuhi walitoka kumi na wawili. Hata mimi nilipiga vigelegele. Walipanda kwenye chandarua mmoja mmoja, wakaning'inia, mabawa yao kama vitambaa vilivyoloa, wakayajaza polepole hadi yakawa yale mabawa yenyewe. Milcah aliwatazama kama mama wa maharusi. Akaenda kufua akiimba.

Aliporudi adhuhuri, watatu walikuwa chini. Walitetemeka. Kufika alasiri, wote kumi na wawili walikuwa chini.

Alhamisi walitoka wanane, wakafuata njia ile ile.

Nilimkuta Milcah ameketi sakafuni, amewapanga kwenye ungo, mistari minne ya watano watano. Ishirini kamili, kama Carolyne alivyotaka, ila hawakuwa wazima. Alikuwa akijinusa vidole.

"Ni sabuni," akasema. "Mimi nafua nguo za watu, Mama Jalila. Nilishika vijiti na mikono ya sabuni. Nimewaua mimi."

"Si sabuni," nikasema, lakini sikujua ni nini.

"Ni sabuni. Mkono wangu si mkono wa kazi hiyo."

Nikainama kumshika bega, na nikiwa nimeinama hivyo macho yangu yakaenda pale chini ya chandarua. Palikuwa na sisimizi, wengi, wamekauka. Nzi wawili chali. Mbu. Nyigu mmoja amejikunja. Kila kilichogusa kitambaa kile kilikuwa kimelala kimetazama juu.

Nilitoka nikaenda jikoni, nikautafuta ule mfuko wa chandarua. Nilikuwa nimeutia vitunguu. Nikaviondoa vitunguu nikausoma. Maandishi madogo siyapendi, lakini picha ilitosha: mbu amepigwa msalaba mwekundu. Na juu yake: chandarua chenye dawa. Kianikwe kivulini siku nzima kabla ya kutumiwa. Nilisimama pale na mfuko. Hakuna aliyeniona. Milcah alikuwa ameshajihukumu mwenyewe, na mimi ningeweza kurudisha vitunguu vyangu ndani na kupika.

Nilisugua sufuria moja mpaka ikang'aa. Kisha nikarudi chumbani kwake, nikauweka ule mfuko juu ya magoti yake.

"Ni mimi," nikasema. "Kina dawa ya wadudu. Kipepeo naye ni mdudu. Ni mimi, Milcah, si sabuni yako."

Alisoma. Akasoma tena.

"Kwa hivyo dawa inafanya kazi," akasema hatimaye. "Mtoto wa Jalila atalala salama."

Nilijifunika uso kwa leso nikalia. Yeye ndiye akaanza kunipapasa mgongo, jambo ambalo lilinitia aibu zaidi. Akasema kesho hatakwenda. Atapeleka nini?

"Utakwenda," nikamwambia, "na mimi naenda nawe. Aliyevunja chungu ndiye apeleke vigae."

*

Ijumaa alfajiri, wale wanne wa dirishani wakatoka. Milcah alisema ni mapema kwa siku moja. Labda joto la kawa liliwaharakisha. Wazima, wakubwa, wenye nguvu. Tuliwafunika pale pale kwa kawa juu ya ungo, tukafunga kwa leso, tukapanda tuktuk. Dereva aliuliza tumebeba chakula gani. Nikamwambia aangalie barabara.

Carolyne alikuwa mwanamke mrefu, mwenye viatu vyeupe vya raba na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alifungua leso, akachungulia chini ya kawa.

"Wanne," akasema. "Nilisema ishirini."

"Ndiyo, madam," Milcah akasema.

"Vipepeo niliowanunua mwezi uliopita walikufa wote kwa siku mbili. Nikaambiwa nitafute mtu mwenye mkono wao. Sasa mwenye mkono analeta wanne." Akapumua. "Haya, waachie ndani, angalau nione wanavyoruka."

Tukamfuata mpaka kwenye banda. Wallahi lilikuwa kubwa, nguzo za mikoko, maua ya kila rangi, kijito cha saruji chenye maji, na kuta zote nyeupe, laini, zinapepea. Milcah alifika mlangoni na ungo wake, akasimama. Nikamwona anavuta pua. Na mimi nikavuta. Ilikuwa harufu ya kabati langu, ya kile chandarua.

"Hizi neti ulizipata wapi, madam?" akauliza.

"Dukani. Zile nzuri kabisa, za mbu. Fundi aliziunga thelathini. Ingia, mbona umesimama?"

Milcah akalaza mkono juu ya kawa. "Hawa hawaingii humo."

"Samahani?"

"Hawaingii."

"Milcah, kazi ninayokupa iko humo ndani."

"Basi kazi itabaki humo ndani, madam. Hawa hawaingii."

Nilimfinya ubavuni. Nilimfinya kwa nguvu. Mwanamke alikuwa akitupa kazi aliyoililia wiki nzima, na hakuonekana hata kujua kwamba anaitupa. Alikuwa ameshika kawa kama mtu anayemkinga mtoto na jua. Carolyne alikuwa ameshaanza kugeuka aende zake. Ndipo mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Bibi, ngoja. Mimi ndiye niliyewaua wale wengine. Ishirini. Nilimpa neti kama hizi hizi zako, mpya, na nilidhani nafanya wema. Kama huniamini, usiniamini mimi, tazama chini."

"Chini wapi?"

"Chini ya ukuta. Inama uone."

Sijui mara ya mwisho Carolyne alipoambiwa ainame ilikuwa lini. Lakini aliinama, na viatu vyake vyeupe, akapanua majani ya maua kando ya ukuta. Akakaa hapo chini. Tulisikia akisema, "Ai." Kisha, "Ai, jameni." Alipoinuka alikuwa na kiganja kimejaa: sisimizi, nzi, nyuki wawili, na bawa la kipepeo lililofifia, la mwezi uliopita.

"Niliwalaumu watu walioniuzia," akasema. "Nilisema wameniuzia wagonjwa."

Milcah alikuwa ameenda kando, mbali na banda, kwenye kichaka cha maua mekundu penye upepo. Akafungua kawa. Watatu wakaondoka mara moja, bila kuaga. Wa nne alitembea kwanza kwenye ukindu wa kawa, akapigapiga kwa miguu ya mbele, akaona si mndimu, akaruka.

Carolyne alimtazama mpaka akapotea. "Unaweza kuanza lini?" akauliza.

"Ukishazitoa zote hizi, madam," Milcah akasema. "Na wanaozitoa wanawe mikono. Halafu uwape wafanyakazi wako wajifunike nazo usiku. Ni neti nzuri."

*

Huu ni mwaka wa pili. Milcah bado anakaa chumba kile kile cha jua la asubuhi, ila sasa hafulii mtu ila nafsi yake. Kuta za banda ni wavu wa kawaida usio na dawa, na ndani pamepandwa miche ya ndimu, lakini miche ni miche. Kwa hiyo kila Jumatano mimi hupanda tuktuk na kapu la majani kutoka nyumbani, na vitambaa vyekundu kwenye mti wangu siku hizi vimebaki matawi mawili tu, yale ambayo viwavi hawaruhusiwi. Mtoto wa Jalila huenda nami. Ameshajua kumgusa kiwavi mgongoni ili atoe pembe, na hucheka sana, na mimi sisemi neno.

Watoto wa shule wakija, Milcah husimama mbele yao na kijiti chake, akawaonyesha yai, akawaonyesha yule anayejifanya choo, akawaonyesha mwenye pembe. Huzungumza polepole, na hakuna anayenong'ona. Mwishoni huwaachia waulize, na daima kuna mmoja wa kuuliza adui mkubwa wa kipepeo ni nani. Mmoja husema ndege, mwingine nyigu, mwingine mjusi.

"Wote hao ni maadui," Milcah huwaambia. "Lakini mkubwa kuliko wote ni jirani mwenye huruma."

Watoto hawaelewi, hucheka tu. Na mimi huwa nimesimama pale pale nyuma yao na kapu langu, natazama maua.